Ukimwita Binti Yako Neema

Simama sokoni Tingi uite "Neema!" uone wanavyogeuka wanawake na wasichana zaidi ya mmoja. Ukishuka ufukweni, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, mambo ni yaleyale. Wakatoliki wa milimani wanalo jina hili, Waanglikana wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanalo, na ukifika Songea au Tunduru utakuta nyumba za Waislamu zinazolitumia vilevile. Kwa kuwa limezoeleka hivyo, wazazi wengi hulitoa bila kulikalia kikao. Ni zuri, ni fupi, linamtaja Mungu, basi yamekwisha. Miaka kumi na minane baadaye binti anakwenda kuomba kitambulisho cha Taifa, na karatasi zake zinamwita Neema, Nema na Niima, na moja inamwita Grace.

Hayo yanaepukika, na kazi ya kuyaepuka ni ndogo ikifanywa mapema. Nawaandikia mama na baba ambao ujauzito bado unalelewa, au ambao mtoto amezaliwa juzi na jina lake halijaandikwa popote. Nitashika jina moja hili, lakini anayetaka kumwita mwanawe Rehema, Salama au Baraka atapata njia ileile.

Kubalianeni kwanza mnampa nini

Neema ni neno la Kiarabu lililohamia kwetu zamani sana likawa la Kiswahili. Kwa Waarabu ni kipaji cha Mwenyezi Mungu, kitu chema alichompa mja wake. Katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Upo ule wa kanisani: wema wa Mungu unaomjia mtu asiyestahili. Na upo ule wa shambani: mwaka ambao mahindi yamejaa ghalani na kahawa imepata bei, watu husema mwaka huu ni wa neema. Wazazi wengine humwita mtoto jina hili kwa maana ya kwanza, wengine kwa ya pili. Wengine humwita hivyo kwa sababu walikaa miaka bila mtoto, au kwa sababu mama aliponea chupuchupu siku ya kujifungua.

Sababu yenu iwe ipi, isemeni wazi kati yenu, kisha iandikeni. Daftari la nyumbani linatosha, lile lenye hesabu za mbolea na madeni ya chama cha ushirika. Andikeni tarehe, mahali alipozaliwa, nani alipendekeza jina na kwa nini. Mtoto atauliza. Mwalimu wa darasa la pili atamwuliza maana ya jina lake mbele ya wenzake, na mtoto anayejua kwamba aliitwa Neema kwa sababu hii na hii hujibu kwa sauti kubwa. Najua wazee wetu waliyahifadhi haya kichwani, na walihifadhi vizuri. Lakini bibi akishaondoka, huondoka nayo.

Jambo jingine la kupima mapema: jina hili litakuwa lenu pia. Tangu siku ya kwanza jirani hatawaita tena kwa majina yenu, mtakuwa Mama Neema na Baba Neema hadi uzeeni. Na kwa kuwa pale kijijini huenda yupo Mama Neema mwingine, mtatofautishwa: Mama Neema wa zahanati, Mama Neema wa kule juu. Kama hilo linawakera, semeni sasa. Halina ubaya wowote, ila msije mkaanza kulilalamikia jina wakati mtoto ameshajua kuitika.

Mkiwa Wakatoliki

Hapa ndipo penye maswali mengi, nami nitakaa kidogo.

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria huko Ujerumani, walifika Peramiho mwaka 1898, na mkono wao ulienea hadi milima yote ya Umatengo. Ndiyo maana bibi zetu wanaitwa Skolastika, Walburga, Hildegarda na Otilia. Haya ni majina ya watakatifu wa shirika hilo na wa nchi walikotoka mapadre. Wakati ule haikuwa hiari tupu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakiwa na jina lao jingine, paroko aliongeza jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Wengi wenye majina mawili, la kanisani na la nyumbani, wameyapata kwa njia hiyo.

Sheria hiyo ilibadilika. Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Ni hilo tu. Hakuna tena sharti kwamba jina litoke katika orodha ya watakatifu. Neema si geni kwa Ukristo hata chembe: ni neno lililomo ndani ya Salamu Maria, sala ambayo mtoto wa Jimbo la Mbinga huijua kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo katekista akisema jina si la ubatizo, msigombane naye wala msikubali haraka. Huenda anafuata alivyofundishwa yeye. Mwambieni kwa upole: "Katekista, tumeomba mtoto abatizwe Neema, na msimamizi wake wa mbinguni awe Mtakatifu Ana." Asiporidhika, ombeni kumwona paroko.

Kwa nini Ana? Kwa sababu jina hilo katika Kiebrania lina maana ileile, neema. Mama yake Bikira Maria, anayekumbukwa tarehe 26 Julai pamoja na Yoakimu, ni wajina wa binti yenu kwa lugha nyingine. Mkitaka aliye karibu zaidi, yupo Mtakatifu Nimatullah al-Hardini, mtawa wa Kimaroni wa Lebanoni aliyeishi kuanzia 1808 hadi 1858. Alikuwa mwalimu wa Mtakatifu Charbel, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 2004. Jina lake ni Neema ya Mungu, neno lilelile mnalompa mwanenu. Kumbukumbu yake ni tarehe 14 Desemba. Ni mwanamume, lakini mtoto wa kike hakatazwi kuwa na msimamizi mwanamume.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema Neema ni jina la Kiislamu ambalo Wakristo wameliazima. Si kweli. Wakristo wa Lebanoni, Siria na Misri wanaozungumza Kiarabu husali Salamu Maria kwa kutumia neno hilihili, na Biblia yao ya Kiarabu hulitumia pale ambapo yetu ya Kiswahili imeandika neema. Lugha si dini. Hata katika kalenda ya watakatifu wa Kanisa lote yumo mwanamke mwenye jina la Kiarabu: Yosefina Bakhita wa Sudani, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watu waliomteka na kumwuza utumwani, naye akaenda nalo hadi altareni. Na majina ya Kiganda kama Kizito na Lwanga ni majina ya watakatifu tangu 1964. Mzazi wa Tingi asione aibu kuleta kisimani jina analolielewa.

Ombi langu moja kwa Wakatoliki wenzangu: msiongeze "Grace" kando ya Neema ili lionekane la kisomi. Hapo mtakuwa mmempa mtoto jina moja mara mbili, na kumfungulia mlango wa kuitwa Grace shuleni na Neema nyumbani. Mkitaka jina la pili, chagueni lenye mzigo wake mwenyewe.

Mkiwa Waislamu, au familia ikiwa ya dini mbili

Kwa Waislamu suala ni jepesi. Kinachotazamwa ni maana, na maana ya Neema ni njema. Sura ya An-Nahl, aya ya 18, inataja neema za Mwenyezi Mungu kwamba hazihesabiki, na neno linalotumika pale ndilo hili. Sahihi ya Muslim imepokea kwamba binti mmoja wa Umar bin al-Khattab aliitwa Asiya, yaani mwasi, na Mtume akambadilishia akawa Jamila. Jina baya hubadilishwa, jina jema huachwa. Basi Neema aliyebatizwa Tingi, akija kuolewa na Mwislamu wa Tunduru na kusilimu, hana haja ya kutafutiwa jina jipya kwa lazima, na wakwe wasimshinikize.

Wapo wanaopenda kulifanya la Kiarabu zaidi kwa kuandika Naima. Naima ni jina zuri, limo Zanzibar, Moroko na Misri. Hata mwanamuziki wa Marekani John Coltrane aliupa wimbo wake wa mwaka 1959 jina hilo kwa ajili ya mkewe, aliyekuwa Mwislamu. Lakini Naima ni jina jingine kutoka shina hilohilo, lenye maana ya mwenye raha, aliyestareheshwa. Mkilitaka, mpeni mtoto tangu mwanzo. Msimwandikishe Neema halafu mkaanza kumwita Naima madrasa.

Familia nyingi za kwetu zina mjomba Mwislamu na shangazi mtawa. Kati ya majina yote ninayoyajua, ni machache yanayokaa mezani pa watu hao wawili bila mmoja kuona amepunjwa. Neema ni la kwanza, Rehema ni la pili. Mkiwa katika ndoa ya dini mbili na mnatafuta jina ambalo halitamfanya bibi wa upande wowote anune, limepatikana.

Bibi akitaka jina lake

Hili halikwepeki. Mzazi wa baba anatarajia mjukuu wa kwanza wa kike abebe jina lake, na anaposikia Neema hukaa kimya, kimya ambacho kila mtu nyumbani anakielewa. Msimfikishie habari kwa mtoto mdogo wala kwa simu. Aende mwanawe mwenyewe, aketi, aseme: "Mama, tumeona mtoto aitwe Neema. Jina lako tunaliweka liwe la nyumbani, na ukimwita kwa hilo ataitika." Kisha mtimize. Bibi amwite mjukuu kwa jina lake, watu wamzoee. Jina la nyumbani halidai karatasi.

Ninachoshauri kukataa ni kulisukuma jina la bibi ndani ya cheti cha kuzaliwa pamoja na mengine yote. Mfumo wetu umejengwa juu ya majina matatu: la mtoto, la baba, la ukoo. Ukijaza manne au matano, kila ofisi itachagua matatu inayoyapenda. Shule itaacha moja, benki itaacha jingine, na mtoto atakuwa watu wawili.

Tena, kwa kuwa kina Neema ni wengi na koo zetu zinajulikana, Komba, Kapinga, Ndunguru, Nchimbi, Hyera, Mapunda, upo uwezekano mkubwa wa darasa moja kuwa na Neema Komba wawili. Mshairi na mwandishi Neema Komba ni mtu maarufu nchini, na wasiokuwa maarufu wenye jina hilo sijui ni wangapi. Kinachowatenganisha ni jina la katikati. Mfundisheni mtoto tangu chekechea kutaja majina matatu anapoulizwa jina, na mwambieni mwalimu asiandike kamwe "Neema K." kwenye daftari la maendeleo.

Herufi tano

N, e, e, m, a. Asiwepo wa kupunguza wala wa kuongeza.

Zile e mbili zina sababu yake. Katika Kiarabu katikati ya jina kuna herufi ain, sauti ya kooni ambayo sisi hatuna. Waswahili wa kale walipolipokea neno waliiziba nafasi hiyo kwa kurudia irabu, kama walivyofanya kwa maana, laana na taarifa. Ukiandika Nema umeitupa herufi ya watu. Ukiandika Niima umelifanya neno ambalo si la Kiswahili. Neemah yenye h mwishoni inaonekana mitandaoni siku hizi. Ni mapambo, na mapambo hayo yatamgharimu binti foleni nyingi. Nehema nayo huandikwa na makarani waliolichanganya na Nehemia, jina la Kiebrania lisilohusiana kabisa na hili. Kuna pia Nima: huko Uajemi ni jina la kiume, na kwa Washerpa wa Nepali lina maana ya jua. Hayo ni majina ya watu wengine.

Wenzetu wana tahajia zao na ni sawa kwao. Msomali huandika Nimco, na hiyo c ndiyo ain yao. Mturuki huandika Nimet. Mkongo wa Bukavu au Goma huandika Neema kama sisi, na mwanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu kutoka Kivu ya Kusini, Neema Namadamu, amelifikisha jina hilo mbali kwa herufi zilezile tano.

Mzungumzaji wa Kiingereza atalisoma "Nima", kwa sababu kwake e mbili ni i ndefu. Mjerumani atalisoma sawasawa bila kufundishwa. Mtoto akisoma kwenye shule yenye walimu wageni, amrekebishe mwalimu mara moja, kwa adabu, siku ya kwanza. Asibadilishe herufi ili kumsaidia mgeni kutamka. Mgeni atajifunza.

Na kwa majirani zetu wa ziwa moja: ng'ambo, Malawi, msichana wa jina lenye maana hii huitwa Chisomo. Kyela, kaskazini mwa ziwa, Wanyakyusa wanao akina Ipyana. Msumbiji, upande wa kusini, neno ni la Kireno, Graça, kama Graça Machel. Binti yenu akivuka kwenda Nkhata Bay kufanya biashara, wenyeji wanaweza kumwita Chisomo kwa mapenzi, naye aitike. Lakini kwenye karatasi ya mpakani na kwenye risiti ya mzigo ni Neema. Jina halitafsiriwi kwenye hati.

Siku ya kuliandika

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ndiye mwenye daftari la vizazi. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku tisini. Chini ya mpango wa kusajili watoto wenye umri usiozidi miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambazwa mikoani, mzazi hana haja ya kusafiri hadi makao makuu ya wilaya. Usajili hufanyika kwenye vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto na kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Mkiambiwa mlipe, ulizeni kwa utaratibu malipo hayo ni ya nini.

Katika mpango huo cheti hujazwa kwa mkono na msajili msaidizi, kisha taarifa hutumwa kwa simu ya mkononi. Maana yake ni kwamba kosa la kalamu la dakika moja linaingia kwenye kumbukumbu za Taifa siku hiyohiyo. Kwa hiyo jiandaeni hivi. Kabla ya kwenda, andikeni majina yote matatu ya mtoto, ya mama na ya baba kwa herufi kubwa kwenye karatasi safi. Nendeni na kadi ya kliniki na tangazo la kizazi mlilopewa pale mtoto alipozaliwa, na hakikisheni jina la mama kwenye tangazo linalingana na lile la kitambulisho chake. Mpeni msajili ile karatasi aisome, msimtajie kwa mdomo. Watu wakiwa kwenye foleni, watoto wanalia na mvua inapiga bati, "Neema" na "Nema" husikika sawa.

Akimaliza kujaza, kabla hajapiga muhuri, mwambieni: "Samahani mtumishi, naomba nisome." Someni herufi moja moja. Hamsumbui mtu, ni haki yenu. Kama mmoja wenu hasomi vizuri, nendeni na anayesoma. Nimeona akina mama wakiona haya kuomba, wakaondoka na cheti kilichokunjwa na kukifungua nyumbani. Haya hiyo ni ghali.

Mkitoka hapo, cheti kiwe ndicho mama wa karatasi nyingine zote. Cheti cha ubatizo kiandikwe kwa kukitazama chenyewe. Fomu ya bima vilevile. Tengenezeni nakala mbili, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine, kwa sababu nyumba huungua na panya hula.

Shuleni, jina huanza safari ndefu. Lile linaloandikishwa shule ya msingi ndilo hufuata hadi mtihani wa darasa la saba, kisha sekondari, kisha cheti cha NECTA. Mkuu wa shule anapoleta orodha ya watahiniwa ihakikiwe, mzazi aende mwenyewe, asimtume mtoto peke yake. Mtoto wa darasa la saba akimwona mwalimu ameandika Nema atanyamaza. Baada ya cheti kutoka, kulirekebisha ni kazi nzito mno. Na wale mnaotumaini kwamba binti atafika chuo kikuu, jueni kwamba Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina lililo humo linapaswa kukubaliana na la vyeti vya shule. Herufi moja inaweza kumzuia mtoto mwenye sifa zote.

Akisafiri Uarabuni

Mabinti wengi siku hizi wanakwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi. Huko jina lake litaandikwa upya kwa herufi za Kiarabu, na karani anayetazama pasipoti yetu huandika anavyosoma. Mara nyingi hutoka نيما, "Nima", ambalo kwao halina maana. Kabla hajaondoka, aandikiwe kwenye karatasi jina lake lilivyo: نعمة. Ni nun, ain, mim na ta marbuta. Ustadhi yeyote wa madrasa Songea au Mbinga ataliandika kwa dakika moja. Alibebe pamoja na pasipoti na alioneshe kila panapojazwa fomu ya Kiarabu, hasa kibali cha ukaazi na mkataba wa kazi, viwe na maandishi yaleyale. Mwenye nyumba atakayeona jina hilo atalielewa papo hapo, kwa kuwa ni neno analolitamka kila anapomshukuru Mungu. Sisemi litamkinga na mwajiri mbaya. Ninasema likiwa limeandikwa sawa kila mahali, ubalozi wetu ukimtafuta utampata.

Kama limeshakosewa

Anzeni na cheti cha kuzaliwa, hata kama kosa liko kwingine. Kama cheti ni sahihi, kipelekeni shuleni kabla ya usajili wa mtihani na muombe orodha irekebishwe kwa kukifuata. Hilo hufanyika kwa barua na nakala. Kama cheti chenyewe ndicho kilichokosewa, nendeni ofisi ya msajili wa vizazi na vifo ya wilaya, kwa wa Tingi ni Mbamba Bay, mkiwa na tangazo la kizazi, kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo kama kipo. Hapa ndipo kitabu cha ubatizo cha parokia kinapowasaidia watu: tarehe yake ni ya zamani na mwandiko wake haujaguswa.

Kama binti ameshakuwa mtu mzima na vyeti vya shule vinasema Nema huku cheti cha kuzaliwa kinasema Neema, atahitaji kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho hukubalika katika ofisi nyingi, si zote. Anayetaka kulibadilisha kabisa hutumia hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na baada ya hapo huanza kurekebisha karatasi moja baada ya nyingine, akianza na kitambulisho cha Taifa, kisha benki, kisha namba ya simu. Asiombe kitambulisho cha Taifa kwa mara ya kwanza kabla karatasi za chini yake hazijakubaliana, hata akiharakishwa na wenzake wanaokwenda Mbamba Bay siku hiyo kwa gari moja. Namba ikishatolewa, kila ofisi nchini itamsoma kupitia hiyo.